Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Ukali na Huruma katika Utenzi wa Vita

Kama wote wamekwisha kaa, na redio yasikika hata kwa wale wa nyuma, basi tuanze. Mwenye karatasi ya somo aiweke mbele yake. Asiye nayo asogee karibu na mwenzake.

Somo la leo ni la mashairi, na hasa lahusu utenzi wa vita. Tutatazama namna utenzi ulivyojengwa, yaani mizani yake, vina vyake na mpango wa mistari yake, na jinsi ujenzi huo unavyomfanya msikilizaji auone ukali wa vita, kisha amwonee huruma aliyepatwa na vita hivyo. Wako wanaodhani kwamba mizani na vina ni pambo tu, kama nakshi juu ya mlango. Ukiiondoa nakshi, mlango bado hufunga. Leo mtaona ya kuwa katika utenzi mzuri ukiondoa vina na mizani, huruma nayo huondoka.

Kwanza tukumbushane. Ubeti mmoja wa utenzi una mistari minne mifupi. Kila mstari una mizani nane, na mizani ni ile sauti moja tunayoipigia kofi: ma-ma ni mizani mbili, m-to-to ni tatu. Mistari mitatu ya kwanza huishia kwa sauti moja, nayo ndiyo kina. Ubeti ukiisha, kina hicho huachwa, na ubeti unaofuata huchukua kingine. Lakini mstari wa nne una kina chake mbali, nacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, ijapokuwa utenzi una beti elfu. Kina hicho huitwa bahari. Basi, hayo yatutosha kwa leo.

Muundo huu ni wa zamani, na tangu zamani umetumika kusimulia vita. Uko Utenzi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate, ambao muswada wake mmoja ni wa mwaka 1728. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoiteka pwani ya Mrima mwaka 1888 na 1889, mwanachuoni mmoja wa upande wa Tanga, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliisimulia habari hiyo kwa utenzi. Utenzi huo ulipigwa chapa mwaka 1960 katika mfululizo wa vitabu vya Johari za Kiswahili, nao waitwa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Baadaye vilipokuja vita vya Maji Maji, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mwenye nafasi ya kuvipata vitabu hivi na avisome, kwa maana ni habari ya vita iliyoandikwa na watu wa nchi yenyewe walioishi wakati huo.

Tushike vita hivyo vya Maji Maji. Wazee wengi wa kusini wamesimuliwa habari zake na babu zao. Watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali ya Wadachi, wakaacha mashamba yao wenyewe. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, wakaamini ya kuwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Yeye alinyongwa mapema, tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vilienea mpaka Lindi, Mahenge na Songea, navyo havikwisha mpaka mwaka 1907. Wadachi walipoona kwamba bunduki peke yake haiwamalizi watu waliojificha misituni, walitumia njaa. Walichoma vijiji, wakachoma mashamba, wakachoma nafaka ghalani. Wakuu wa Wadachi wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Wanahistoria wa siku za baadaye wamekadiria 250,000 mpaka 300,000, nao wengi walikufa kwa njaa.

Sasa, ndugu mwanafunzi, nikikuambia hesabu hiyo, wewe waona nini? Huoni kitu. Watikisa kichwa, kisha wangoja niendelee. Hesabu ni kubwa mno, haina uso. Hapo ndipo mshairi anapoingia na ubeti wake mdogo wa mizani 32.

Nimeandika beti nne kwa ajili ya somo hili. Si za Abdul Karim wala za mshairi mwingine wa zamani. Ni za mwalimu wako, ili kila nitakachokuonyesha kiwe mbele ya macho yako. Mume, mke na mtoto walio ndani yake ni wa kubuni, lakini yaliyowapata yaliwapata watu wengi. Mume yuko nyumbani kwake. Mke na mtoto wako kwa mama yake mke, ng'ambo ya kilima. Sikilizeni kwanza bila kuandika.

(Beti zaghaniwa polepole.)

Milango ikavunjika
Mtama ukamwagika
Na vyungu vikapasuka
Moto ukenda darini.

Wakaja wakamvuta
Chini wakamkokota
Hakusema, hakujuta
Kamba ikawa shingoni.

Mke aliposikia
Mchi aliuachia
Kilio hakukilia
Unga ungali kinuni.

Usiku ukawa kiza
Na mama akajikaza
Mtoto akauliza:
"Mlangoni yuko nani?"

Hizo ndizo. Sasa mwalimu wa darasa aandike ubeti wa kwanza ubaoni, herufi kubwa, na darasa lipige kofi kwa kila mizani. Mi-la-ngo-i-ka-vu-nji-ka. M-ta-ma-u-ka-mwa-gi-ka. Na-vyu-ngu-vi-ka-pa-su-ka. Mumesikia? Nane, nane, nane. Sasa pigeni tena, lakini safari hii pigeni kofi pale tu mnaposikia sauti "ka".

(Kituo kifupi.)

Mmepiga mara sita katika mistari mitatu. Mara mbili katika kila mstari: ika-vunjika, uka-mwagika, vika-pasuka. "Ka" ya kwanza ni ile tunayoitumia kusimulia jambo linalofuata jingine: akaja, akaona, akasema. Haina subira. Haitoi sababu, wala haimpi mtu nafasi ya kuuliza. Jambo moja likiisha, jingine limekwisha shika mkia wake. "Ka" ya pili ni kina. Mshairi amezipanga zigongane, na sikio lasikia kama mtu agonga mlango kwa kitako cha bunduki. Hapakutajwa bunduki hata moja, lakini mmeisikia.

Tazameni tena jambo jingine katika maneno yale yale. Nani aliyevunja milango? Ubeti hausemi. Wasema "milango ikavunjika", kana kwamba mlango ulijivunja wenyewe. Mtama nao ukamwagika, vyungu vikapasuka. Ningaliweza kuandika "Wakaivunja milango". Hesabuni, nayo ni mizani nane kamili. Kwa nini sikuandika hivyo? Kwa sababu mtu aliyemo ndani ya nyumba inayovamiwa usiku hamwoni mvunjaji. Aona kitu kinavunjika tu. Kitenzi cha namna hii, chenye "-ika" au "-uka" mwishoni, humweka msikilizaji ndani ya nyumba, gizani, pamoja na mwenye nyumba.

Lakini njia hii ina hatari yake, na yafaa mjue. Hata mkubwa wa vita anayeandika barua kwa wakubwa wake hupenda kusema kwamba kijiji "kiliteketea". Naye huficha mtendaji, ila kwa sababu nyingine. Basi mkisoma habari yoyote, ya utenzi au ya gazeti, na mkakuta vitu vyajivunja vyenyewe, ulizeni mwandishi amewaweka upande gani wa mlango.

Mstari wa nne: "Moto ukenda darini." Hapa "ka" imekwisha sikika nusu tu, maana "ukaenda" imefupishwa kuwa "ukenda", na kina kimegeuka. Sikio lililozoea kugongwa lapata kitu kingine, "ni". Na neno lenyewe ni darini. Watu wa shamba hawahitaji kuelezwa. Dari ni pale juu ya meko tunapoweka mbegu zipate moshi, zisiliwe na wadudu. Kila siku moto wa meko huzilinda mbegu. Leo moto umepanda kuzila. Maana yake mwaka ujao hakuna cha kupanda. Nilipotunga ubeti huu nilitaka neno "njaa", kisha nikaona halihitajiki. Darini lasema njaa kwa mtu yeyote aliyewahi kushika jembe.

Twende ubeti wa pili. "Wakaja wakamvuta." Sasa watendaji wamefika, nao ni "wa" tu. Hawakutajwa jina wala kabila. Katika vita vya Maji Maji askari wengi wa Wadachi walikuwa watu weusi; wengine waliletwa kutoka mbali kama Sudani, wengine walikuwa wa nchi hii hii. Kwa hiyo "wa" hii ni nzito. Huenda mmoja wao alizisema salamu za kwao kwa lugha ambayo mwenye nyumba aliielewa. Utenzi haukusema hilo, nami siongezi.

Na mwenye nyumba, yuko wapi katika mistari ile miwili? Mtafuteni. "Waka-m-vuta. Waka-m-kokota." Amekuwa "m". Herufi moja, mdomo umefungwa, katikati ya kitenzi cha watu wengine. Sijui kama iko lugha nyingine iwezayo kumfanya mtu awe mdogo kiasi hiki kwa mizani moja, lakini Kiswahili chaweza, na ninyi mwafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Amezungukwa na "waka" mbele na "vuta" nyuma, kama vile alivyozungukwa uani.

Kisha mstari wa tatu: "Hakusema, hakujuta." Someni polepole. Ha-ku-se-ma, mizani nne. Ha-ku-ju-ta, mizani nne. Mstari umekatika katikati kama kijiti, na pale katikati pana pumzi. "Ka" imenyamaza. Yule aliyekuwa "m" amekuwa mtendaji kwa mara ya kwanza, na tendo lake ni kutosema na kutojuta. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyopewa, mizani nane, lakini ni zake.

Nataka mfanye jaribio hapa, maana jaribio hufundisha kuliko maneno yangu. Futeni mstari huo ubaoni, mwandike hivi: "Akasema, akajuta." Hesabuni mizani: nane. Tazameni kina: ta, sawasawa na "kamvuta" na "kamkokota". Kwa sheria za utenzi hakuna kosa hata moja. Sasa ghanini ubeti wote.

(Kituo.)

Mtu amevunjika, sivyo? "Ka" imeendelea kupiga bila kusimama, na yeye amechukuliwa nayo kama jani mtoni. Twamwona mnyonge, labda twamdharau kidogo. Herufi chache zimebadilika na sisi tumebadilika juu yake. Hii ndiyo sababu nawaambia ya kuwa huruma katika utenzi haikai katika neno "huruma". Angalieni beti zote nne, neno hilo halimo. Wala "ole", wala "masikini". Mimi binafsi huchoka upesi na mshairi anayelia kwanza kabla sijalia mimi. Rudisheni mstari wa zamani ubaoni.

"Kamba ikawa shingoni." Katika mwaka 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, kwa hiyo kamba hii si ya kubuni. Ubeti umeishia hapo. Haukusema alikufa. Katika utenzi kila ubeti hufunga mlango wake, na mshairi ana haki ya kuufunga kabla ya jambo la mwisho. Msikilizaji hulimaliza mwenyewe kimoyomoyo, nayo ni kazi nzito kuliko kuambiwa.

Ubeti wa tatu ndio ninaoupenda, basi nivumilieni nikikaa hapo kidogo. Itafuteni "ka" ya masimulizi katika mistari yake minne. Haimo. Hata moja. Beti mbili nzima mmegongwa, na sasa pamekuwa kimya. Vitenzi ni vya namna nyingine: aliposikia, aliuachia, hakukilia. Hivi havikimbizani. Kila kimoja chasimama mahali pake. Ubeti waanza na neno kamili, "mke", si "m" ndani ya kitenzi. Ni mtu mzima aliyesimama mwanzoni mwa mstari.

Kina ni "a", nacho chatanguliwa na "i" kila mara: sikia, achia, lia. Jaribuni kukighani. Sauti hii huvutika. Mghani aweza kuikokota apendavyo, wala haina kigongo mbele yake kama "ka" au "ta". Wanawake wanaoomboleza huivuta sauti kama hii. Hapa mjue sheria moja ya Kiswahili: mkazo wa neno huangukia sauti ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo katika kila mstari wa utenzi mizani ya saba ndiyo yenye nguvu, na ya nane hushuka. Si-KI-a. A-CHI-a. Ku-ki-LI-a. Katika ubeti wa kwanza mkazo huo ulikuwa pigo, vu-NJI-ka. Hapa umekuwa kama mtu anayevuta pumzi. Ujenzi ni ule ule, kazi ni nyingine.

"Kilio hakukilia." Mwanafunzi mmoja angeuliza, mbona sauti ni ya kilio na maneno yasema hakulia? Swali zuri. Vina vyalia kwa niaba yake. Yeye hathubutu, maana huenda wale askari bado wako kilimani.

Kisha "Unga ungali kinuni." Mstari huu hauna mtu kabisa. Hauna tendo. Wasema tu kwamba kitu fulani kiko mahali pake, kama kilivyokuwa kabla habari haijafika. Mchi umeanguka lakini unga haujui. Unga huo ulikuwa chakula cha jioni cha nani? Mnajua. Na neno "ungali" limekaa pale katikati kwa utulivu, laita "unga" lililo mbele yake: unga, ungali. Ulimi wajikwaa kidogo, kama mtu asiyeamini alichoambiwa.

Jaribio la pili. Uwekeni mstari huu wa nne uwe wa kwanza: "Unga ungali kinuni, mke aliposikia, mchi aliuachia, kilio hakukilia." Kila neno limo. Lakini unga umekuja kabla hatujajua kwa nini tuutazame, nao umekuwa unga tu, wa kupimwa kwa pishi. Kilio nacho, kwa kuwa sasa ndicho cha mwisho, chatuambia cha kuhisi. Mstari wa nne katika utenzi ni mahali pa heshima. Mitatu ya kwanza hukimbia pamoja kwa kina kimoja. Wa nne hutoka katika mbio hizo, hutulia juu ya bahari. Kitu chochote utakachokiweka pale, hata kiwe kidogo kama konzi ya unga, msikilizaji atakitazama.

Na msidhani mizani yaweza kuongezwa kwa huruma. Mtu mwingine angependa kusema "Unga wake ungali kinuni", ili tujue ni wake. Pigeni kofi: kumi. Mstari umevimba, mghani ameukimbiza ili auwahi mwenzake, na ile simanzi imekwisha. Ufupi wa mizani nane ndio unaomlazimisha mshairi aache manung'uniko na achague kitu kimoja.

Ubeti wa nne nitaupita kwa haraka zaidi, maana sasa mnayo macho ya kuuona wenyewe. "Ka" imerudi: ukawa, akajikaza, akauliza. Lakini haimilikiwi tena na wavunjaji. Ni ya usiku, ya mama, ya mtoto. Maisha yaendelea kufuatana, kwa kuwa hayana jinsi. Ule mstari wa mwisho ni swali, na utenzi wakoma juu ya swali. "Mlangoni yuko nani?" Mtoto asikia mtu. Huenda ni baba yake arudi. Huenda ni wale. Sisi tumesoma ubeti wa pili, yeye hakuusoma. Huko ndiko huruma iliko, katika tofauti baina ya tunayoyajua na asiyoyajua mtoto. Nao utenzi ulioanza na milango kuvunjika umeishia mlangoni.

Sasa nawaombeni jambo moja la mwisho kabla ya maswali. Funikeni kwa mkono mistari mitatu ya kwanza ya kila ubeti, msome ya nne peke yake, kutoka juu hata chini:

Moto ukenda darini
Kamba ikawa shingoni
Unga ungali kinuni
"Mlangoni yuko nani?"

Habari yote imo. Dari, shingo, kinu, mlango. Bahari yetu ni "ni", na katika Kiswahili "ni" hiyo mwishoni mwa neno huonyesha mahali: nyumbani, shambani, kisimani. Nilichagua bahari hiyo kwa sababu vita hivi vilikuwa vita vya kuwaondoa watu mahali pao, nami nilitaka kila ubeti, hata ule wa kamba, urudi mahali fulani. Mara ya mwisho tu "ni" haionyeshi mahali. Ni ya "nani".

Fanyeni kinyume chake pia: msome mitatu ya kwanza na kuiacha ya nne. Mtasikia mapigo mengi na mambo mengi, lakini hayana pa kutua. Katika utenzi mrefu, wenye mamia ya beti, hali ni hiyo hiyo. Mistari mitatu huleta majeshi, hubadili vina kila dakika kama vile vita vinavyobadilika. Bahari haibadiliki, yawapokea wauaji na waliouawa kwa sauti moja. Kwa ajili hiyo mtu awezaye kughani vizuri hufika saa nzima bila watu kuondoka barazani.

Lakini msije mkafikiri ya kuwa utenzi kwa asili yake uko upande wa wanyonge. Wakati ule ule wa Wadachi walikuwako washairi wa Kiswahili waliowasifu Wadachi na majemadari wao kwa mizani kamili na vina visivyo na kasoro. Mizani haimjui mwenye haki. Mshairi ndiye aamuaye "ka" zake azimpe nani, na nani atakayepewa mstari wa nne. Kwa hiyo mkiupata utenzi wowote wa vita, utazameni kwa namna hiyo: katika mistari ya nne wamo akina nani? Wamo majemadari tu, au amo na mwenye kinu?

Kazi ya juma hili ni hii. Mama hajamjibu mtoto. Kila mmoja aandike katika daftari lake ubeti wa tano, ambamo mama ajibu au anyamaza. Mistari mitatu ya kwanza iwe na kina kipya, msirudie "ka", "ta", "a" wala "za". Wa nne uishie kwa "ni". Mizani nane kila mstari, hesabuni kwa kofi wala msiamini macho. Asiyeweza kuandika mistari yote minne aandike mmoja, ule wa nne. Mwalimu wa darasa atazikusanya siku ya Ijumaa na kusoma tatu mbele ya darasa, bila kutaja majina ya waandishi.

Kwaherini.